Miguu ya Mfalme, Salamu za Mjomba

Kila aliyesoma historia katika shule ya Kenya anaijua hadithi ya Treetops. Binti mfalme alipanda mti kule Aberdare tarehe 5 Februari 1952 kutazama wanyama wakija kunywa maji, na alipoteremka asubuhi alikuwa tayari malkia, ila hakuna aliyekuwa amemwambia. Baba yake, Mfalme George wa Sita, alikuwa amefariki usingizini usiku ule huko Sandringham. Habari zilimkuta Sagana. Hadithi hii tumesimuliwa mpaka imechujuka. Lakini kuna swali ambalo sikuwahi kulisikia likiulizwa darasani: kwani alifuata nini Nyeri? Na kwa nini alikuja yeye, si baba yake?

Sehemu ya jibu ni miguu. Ziara ya Australia na New Zealand, ambayo mwaka huo wa 1952 ilianzia Kenya, ilikuwa deni la mfalme mwenyewe. Alitakiwa aifanye mwaka 1949. Mwaka 1948 akaanza kubanwa na misuli ya miguu. Kufikia Oktoba mguu wa kushoto ulikuwa unakufa ganzi mchana kutwa, na usiku maumivu hayamwachi alale. Kisha tatizo likahamia mguu wa kulia. Alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara. Madaktari walipompima wakakuta mishipa inayopeleka damu miguuni imekuwa myembamba kiasi kwamba waliogopa donda ndugu, na baada ya donda ndugu, msumeno. Tarehe 23 Novemba 1948 ikatangazwa kwamba ziara imeahirishwa.

Wakampa tiba gani? Wakamlaza. Miezi ya mapumziko, kisha tarehe 12 Machi 1949 chumba kimoja cha Kasri la Buckingham kikageuzwa chumba cha upasuaji, na James Learmonth, profesa kutoka Edinburgh, akakata neva zilizo kando ya uti wa mgongo ili mishipa ya miguuni ilegee na kupitisha damu zaidi. Mguu haukukatwa. Lakini mwaka 1951 mfalme huyohuyo aliondolewa pafu moja, na ziara iliyopangwa upya ikamwangukia bintiye. Hivyo ndivyo alivyofika Nyeri.

Nilianza kufukua haya kwa sababu ya mjomba wangu, ambaye hana kasri ila ana miguu ileile.

Mjomba ni mwalimu mstaafu, anaishi Mombasa, Mji wa Kale, si mbali na Ngome. Kila asubuhi, tangu nikiwa mdogo, anakwenda Marikiti kwa miguu. Mwaka juzi tuligundua kwamba amekuwa mtu wa watu kupita kiasi. Alikuwa akipita barazani anasema “Salaam aleikum” huku anakwenda, sasa anasimama. Anauliza habari za watoto, za wajukuu, za paka. Akitoka hapo, hatua mia moja hivi, anasimama tena kutazama mlango wa nakshi ambao ameutazama miaka sabini. Halafu kwa muuza kahawa. Tukasema uzee umemlainisha. Mke wake ndiye aliyeshtuka: “Huyu hasalimii watu. Huyu anapumzika.”

Alikuwa sahihi. Hatua mia, shavu la mguu wa kulia linakaza kama limefungwa kamba. Anasimama, anauliza habari za paka, dakika tatu, kamba inafunguka yenyewe. Anakwenda tena hatua mia. Kwa mji kama wetu, ambako kumpita mtu bila kumsalimu ni utovu wa adabu, ugonjwa huu una pa kujificha kuliko mahali popote duniani. Wajerumani wanauita ugonjwa wa vioo vya maduka, na Waholanzi wanasema miguu ya kutazama maduka, kwa sababu wagonjwa wao hujifanya wanaangalia bidhaa. Sisi tungeuita ugonjwa wa salamu.

Jina la kitabibu limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya kuchechemea, na mgonjwa wa kwanza kuandikiwa habari zake kwa ukamilifu hakuwa binadamu. Alikuwa farasi jike. Mwaka 1831 daktari wa mifugo wa Ufaransa aitwaye Bouley alieleza habari za farasi wa kukokota gari ambaye akianza safari ni mzima kabisa, akienda muda kidogo miguu ya nyuma inamshinda, akiachwa asimame anapona, akirudishwa kazini yanaanza upya. Nadhani aliyekuwa akimwendesha alimwona mvivu. Alipokufa na kupasuliwa, ateri za mapaja zilikuwa zimeziba.

Ilichukua miaka 27 mtu mwingine kuunganisha farasi na binadamu. Mwaka 1858 Jean-Martin Charcot, ambaye baadaye angekuwa daktari mashuhuri kuliko wote Paris, alieleza habari za askari wa zamani aliyekuwa na jeraha la risasi: akitembea robo saa mguu unakufa ganzi na kubanwa, akipumzika anaendelea. Ateri ya nyonga ilikuwa imeziba. Charcot hakuona haya kusema kwamba ufunguo aliupata kwa madaktari wa mifugo. Napenda sana unyenyekevu huo, na sijui kama angekuwa nao alipokwisha kuwa mashuhuri.

Ugonjwa wenyewe ni rahisi kueleweka. Mafuta na chokaa hujijenga ndani ya ateri kama kutu ndani ya bomba. Ukiwa umekaa, damu kidogo inayopita inatosha. Ukitembea, misuli inadai mara nyingi zaidi ya hiyo, haipati, inalia. Sigara na kisukari ndio wachochezi wakubwa. Shinikizo la damu na lehemu wanasaidia. Anayeugua miguu mara nyingi ana kutu hiyohiyo moyoni na kichwani, ndiyo maana wagonjwa hawa wengi huuawa na moyo au kiharusi kabla mguu haujawaua.

Sasa hapa ndipo historia inapochekesha, au kuliza. Ukishajua kwamba mguu hauna damu ya kutosha, akili ya kawaida inakwambia nini? Usiuchoshe. Mpumzishe. Maumivu ni onyo, na onyo huheshimiwa. Hivyo ndivyo mjomba alivyoambiwa katika kliniki ya kwanza tuliyompeleka, ambayo sitaitaja: mzee, umri umekwenda, punguza kutembea. Akapewa vidonge vya maumivu. Mtu aliyekwenda Marikiti kila siku kwa miaka hamsini akaanza kutumia tuktuk. Miezi minne baadaye hata kwenda msikitini, nyumba ya tano kutoka kwake, kulimtaka asimame mara moja njiani.

Kumbe jibu lilikuwa limeshaandikwa tangu 1898. Mwaka huo Wilhelm Erb, profesa wa magonjwa ya neva huko Heidelberg, alichapisha utafiti wake juu ya kuchechemea kunakokuja na kuondoka, na ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kueleza kwamba mazoezi ya kutembea yanawasaidia wagonjwa hawa. Mwaka 1911 huyohuyo aliandika kwamba ugonjwa huu unawaandama wavutaji wa tumbaku. Yaani kufikia 1911, nusu ya tiba tunayoijua leo na nusu ya kinga vilikuwa vimetoka kwa mtu mmoja. Mfalme George alikuwa na umri wa miaka 15.

Lakini nani alisikiliza? Karne ya 20 ilipenda vyombo na visu. Katika miaka ya 1920 na 1930 Leo Buerger na baada yake Arthur Allen, wote wa Marekani, walifundisha mazoezi ya kitandani: inua mguu mpaka uwe mweupe, ushushe mpaka uwe mwekundu, ulaze, rudia. Angalau mgonjwa alijishughulisha. Cincinnati, katikati ya miaka ya 1930, mguu ulitiwa ndani ya buti kubwa lisilopitisha hewa, na mashine ikivuta na kusukuma hewa kwa zamu, wakaita mazoezi ya mishipa, ingawa mgonjwa mwenyewe alilala tu. Wengine walikatwa neva kama mfalme. Mwaka 1948 Jean Kunlin wa Paris alichukua mshipa wa mguuni wa mgonjwa mwenyewe akautumia kama njia ya mchepuko kupita palipoziba, na hilo kweli lilikuwa jambo kubwa. Mwaka 1964 Charles Dotter, huko Portland, Marekani, aliingiza mirija ndani ya ateri ya bibi wa miaka 82 aliyekuwa amekataa katakata kukatwa mguu, akaipanua njia, bibi akabaki na mguu wake. Mapuyto ya leo na stenti ni wajukuu wa siku ile.

Sisemi visu ni vibaya. Mfalme alipokuwa hapati usingizi kwa maumivu, mguu wake ulikuwa umeshavuka mpaka. Hata daktari wa leo asingemwambia akatembee, angetafuta kwanza njia ya kuufungua mshipa. Mtu mwenye maumivu akiwa amelala, au kidonda kisichopona, au kidole kinachogeuka rangi, aende hospitali leo, si kesho. Ninachosema ni juu ya wale wengi walio nyuma ya mpaka huo, wanaotembea hatua mia na kusimama. Hao ndio waliambiwa wapumzike.

Mwaka 1966 watafiti wawili wa Copenhagen, Larsen na Lassen, walifanya kitu kidogo mno ukikitazama. Wagonjwa 14 tu. Wakawagawa kwa bahati nasibu: wengine watembee kila siku, wengine wapewe vidonge visivyo na dawa. Baada ya miezi, wa vidonge walikuwa palepale. Wa kutembea walitembea kwa muda mrefu zaidi kuliko walivyoanza. Toka Erb mpaka kwa wagonjwa hao 14 ni miaka 68. Hakuna aliyekuwa amezuia. Ni kwamba kutembea hakuuzwi, na kitu kisichouzwa hakina mtu wa kukibebea bendera.

Majaribio mengine yakafuata, na mwaka 1995 Andrew Gardner na Eric Poehlman walijumlisha tafiti 21. Wagonjwa waliofanya mazoezi walikuwa wakienda umbali wa zaidi ya mara mbili ya mwanzo kabla ya kushindwa. Na walipoangalia programu zipi zilifaulu zaidi, ikaonekana ni zile za kutembea zaidi ya dakika 30 kwa kipindi, angalau mara tatu kwa wiki, kwa miezi sita au zaidi, na (hili lisome mara mbili) kutembea mpaka maumivu yakaribie ukomo wake. Siyo mpaka yaanze, hapana. Unayaingia. Unasimama yanapokuwa makali, unasubiri yaishe, unaingia tena.

Kwa nini inafanya kazi? Zamani walidhani vimishipa vipya huota na kuzunguka palipoziba. Huenda kidogo, lakini vipimo vya mtiririko wa damu mara nyingi havibadiliki kiasi cha kueleza mguu uliopata nguvu namna hiyo. Kinachobadilika zaidi ni misuli yenyewe: inajifunza kutumia vizuri hewa kidogo inayoletewa. Ngozi ya ndani ya mishipa inakuwa laini zaidi katika kutanuka. Na mwendo wenyewe unakuwa wa kubana matumizi. Mguu unafanya kile ambacho kila nyumba inafanya tarehe 25 ya mwezi.

Hapa pia pana chombo ambacho kina historia ya aibu. Hospitali za nje hutumia mashine ya kutembelea, ule mkanda unaozunguka. Kwa Kiingereza jina lake ni lilelile la gurudumu alilolisanifu mhandisi William Cubitt mwaka 1818 kwa ajili ya magereza ya Uingereza, wafungwa wakipanda ngazi zisizofika popote saa baada ya saa. Baada ya utumwa kufutwa, magurudumu hayo yaliwaadhibu watu weusi huko Karibea. Sheria ya Magereza ya 1898 ilifungua njia ya kuyaondoa Uingereza, mwaka uleule wa andiko la Erb. Mkanda wa hospitali ni mashine nyingine kabisa, najua, lakini mzee anayepandishwa juu yake kwa kasi ya kilomita 3.2 kwa saa, mwinuko ukiongezeka asilimia 2 kila dakika 2 mpaka mguu umlilie, ana haki ya kuuliza kosa lake ni lipi.

Ndiyo maana kuna neno moja ambalo halitakiwi kudondoshwa: usimamizi. Mwaka 1988 daktari wa Edinburgh, Edward Housley, aliandika kwamba tiba yote inaingia katika maneno matano ya Kiingereza, yaani mgonjwa aache sigara na aendelee kutembea. Ni kweli, na ni rahisi mno. Kila anayeambiwa nenda katembee anatoka mlangoni, anatembea, inauma, anakaa. Angefanyaje? Mwili wake wote unamwambia anajiumiza. Tafiti zilizokusanywa mwaka 2018 zilionyesha kwamba wanaofanya mazoezi mbele ya msimamizi hutembea takriban mita 210 zaidi ya wale walioambiwa tu watembee. Maarifa ni yaleyale, njia ni ileile. Tofauti ni mtu aliyesimama pembeni akisema haya maumivu si hatari, bado kidogo, sasa kaa.

Halafu ukaja mtihani ambao wapenda visu hawakuutarajia. Mwaka 2012, Marekani, wagonjwa 111 walioziba juu, kwenye ateri ya tumbo na nyonga, waligawanywa. Waliopewa dawa tu waliongeza dakika 1.2 za kutembea kwenye mashine baada ya miezi sita. Waliowekewa stenti waliongeza 3.7. Waliosimamiwa mazoezi, 5.8. Tuwe wakweli: wenye stenti walijisikia vizuri zaidi katika mambo kadhaa walipoulizwa. Lakini kwa miguu, mkanda uliishinda waya. Na kama kuna aliyedhani anaweza kutembea polepole akwepe maumivu, utafiti wa Mary McDermott wa Chicago, 2021, ulimfungia mlango: waliotembea kwa mwendo wa kuleta maumivu waliendelea mbele, waliotembea kwa raha hawakuwa bora kuliko wale ambao hawakupewa mazoezi.

Mwaka 2017 bima ya wazee ya Marekani ikakubali kulipia vipindi 36 katika wiki 12. Uholanzi walifika mapema: mwaka 2011 waliunda mtandao wa nchi nzima wa wataalamu wa tiba ya viungo waliofunzwa kwa ugonjwa huu, ili mgonjwa apate wa kumsimamia karibu na nyumbani. Uingereza mwongozo wa 2012 unasema saa mbili kwa wiki kwa miezi mitatu. Kumbuka, ugonjwa huu si wao peke yao. Hesabu iliyochapishwa 2013 ilikadiria watu milioni 202 duniani mwaka 2010, na wengi wao, kama saba katika kila kumi, wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Yaani kwetu.

Mjomba aliokolewa na kijana wa fizio katika hospitali nyingine. Alimpima shinikizo la damu mkononi, kisha kwenye kifundo cha mguu, akagawa namba moja kwa nyingine. Chini ya 0.9 ni ugonjwa; mjomba alikuwa 0.6. Daktari akampima moyo kwanza, akamwanzishia dawa, akamwondolea sigara mbili za baada ya futari alizodhani hatuzijui. Mashine ya kutembelea haikuwepo. Kulikuwa na korido ndefu na kiti cha plastiki kila mwisho. Mara tatu kwa wiki alikwenda na kurudi, fizio akiwa na saa, akimwuliza kila mara: kwa kipimo cha moja mpaka tano, ni ngapi? Mjomba alijibu mbili kwa miezi miwili mfululizo, hata jasho likimtoka. Kizazi chake hakilalamiki mbele ya watoto. Ikabidi fizio aache kumwuliza, amtazame usoni.

Nauli ya kwenda na kurudi ilipotushinda nikapewa mimi ile kazi. Nikanunua saa ya kuhesabia, nikafundishwa: mpaka nne, kaa, mpaka iishe, inuka, jumla nusu saa bila kuhesabu za kukaa.

“Sasa wewe ndiye mwalimu?” mjomba aliniuliza siku ya kwanza.

“Leo tu, mjomba.”

“Na mimi nimefunza miaka thelathini na minne. Nilikuwa sijawahi kumtembeza mtoto mpaka alie.”

Siku kadhaa alinikasirikia kwelikweli. Siku moja alikaa kwenye ngazi ya duka la vitambaa akakataa kuinuka, akasema nimwitie tuktuk, nikaiita, tukarudi kimya. Kesho yake saa kumi na mbili na nusu alikuwa mlangoni, kofia kichwani, bakora mkononi. Hakusema kitu. Wiki ya saba tulipita mlango wa nakshi bila kusimama. Wiki ya kumi na nne, muuza kahawa.

Majuzi, mwezi wa sita huu, tumetoka Ngome mpaka Marikiti na kituo kimoja tu. Tulipokuwa tunapita barazani, mzee mmoja, rafiki yake wa tangu madrasa, akamwita: “Bwana we! Siku hizi unaringa. Hata habari za paka huniulizi?”

Mjomba alinyanyua bakora bila kupunguza mwendo. “Nikirudi,” akasema.